Mapendekezo ya utafutaji, Trends au Search Console: kipi kimfae mwenye tovuti Unguja na Pemba

Biashara ndogo nyingi visiwani sasa zina tovuti: gesti ya vyumba vichache Jambiani, mtembezaji wa mashamba ya viungo Kizimbani, kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani Paje, nahodha wa Pemba anayepeleka wageni Misali. Tovuti ipo na picha nzuri zipo, ila ukiitafuta biashara hiyo kwa huduma inayoitoa badala ya jina lake, haionekani. Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini moja naikuta karibu kila ninapofungua tovuti ya namna hii: kurasa zimeandikwa kwa maneno ya mwenye biashara, na mteja anatafuta kwa maneno mengine kabisa. Mwenyewe ameandika kuhusu ukarimu wa Kizanzibari na ufukwe mweupe. Mgeni aliye Warsaw anataka kujua kama bahari ya Jambiani ina maji ya kutosha kuogelea asubuhi.

Maneno ya mteja hayana haja ya kubahatishwa. Google huyaonesha bure, tena katika sehemu kadhaa, na kila sehemu ina upande wake inaoujua. Wengi hawakosi chombo, bali hushika kisichowafaa kwa wakati huo. Mwenye tovuti ya wiki mbili anasubiri takwimu za Search Console, chombo cha Google kinachomwonesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliandika hadi tovuti yake ikajitokeza, nazo bado hazijazaliwa. Mwenye tovuti ya miaka minne anaendelea kujaribu maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, ilhali majibu yake yamelala ndani ya akaunti yake mwenyewe. Nitavilinganisha vyote, na sitaficha ninakoegemea: kwa tovuti changa, mapendekezo ya utafutaji, yaani maneno na maswali ambayo Google yenyewe hukuletea unapotafuta, yanashinda; kwa tovuti iliyokwisha kupata wasomaji, anza na Search Console na mapendekezo yafuate.

Yanayojitokeza unapoandika

Google ilianza kipengele hiki kama jaribio mwaka 2004, na mwaka 2008 ikakiweka kwenye ukurasa wake mkuu kwa kila mtu. Unaanza kuandika, orodha inashuka. Orodha hiyo hutokana na utafutaji halisi wa watu, kisha huchujwa kwa lugha unayoandikia, mahali ulipo, mambo yanayovuma wakati huo na yale uliyoyatafuta mwenyewe zamani. Yapo pia yanayoondolewa makusudi, kama maneno ya chuki, ya ngono au yanayohatarisha watu. Kwa hiyo unachokiona si mpangilio wa yanayotafutwa sana kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Ni ushahidi kwamba watu huyatafuta, basi.

Matumizi yake ni rahisi. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isiingilie. Andika jina la mahali pako, acha nafasi, weka herufi a, soma kilichoshuka. Futa, weka b. Endelea hadi mwisho wa alfabeti. Kisha rudisha kishale mwanzoni mwa jina na ufanye vilevile, kwa sababu wapo wanaoanza na bei, wapo wanaoanza na umbali, na wapo wanaoanza na swali zima. Ukiwa na daftari pembeni, asubuhi moja inatosha kupata maneno ambayo hukuwahi kuyafikiria.

Tatizo kwa mtu wa Unguja ni mahali alipo. Ukiwa Mwanakwerekwe ukaandika "Zanzibar", unaletewa yanayoelemea mahitaji ya watu wa hapa na wa Bara, mathalani nafasi za kazi, matokeo ya mitihani au nauli za boti. Mtu wa Milano akiandika neno hilohilo anaona mengine. Kama wateja wako ni wageni, huna budi kutafuta kwa macho yao. Badili lugha na nchi kwenye mipangilio ya utafutaji, kisha andika kwa Kiitalia, Kifaransa, Kijerumani na Kipolandi, kwani nchi za lugha hizo ni miongoni mwa zinazotuletea wageni wengi kutoka Ulaya. Kama Kipolandi hukijui, mwombe mgeni aliyewahi kulala kwako, mkaagana vizuri, aandike jina la kijiji chako akiwa kwao na akutumie picha ya orodha kwa WhatsApp. Wageni hupenda kuombwa jambo dogo kama hilo, nawe unapata kitu ambacho hakuna programu itakayokupa kwa usahihi uleule.

Kwa Pemba kuna jambo la ziada. Mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nao unaitwa Pemba, na una uwanja wa ndege, hoteli na fukwe zake. Ukiandika "Pemba" peke yake unaweza kuletewa mahitaji ya pande zote mbili, na asiyejua atajikuta anaandika ukurasa mzima kumjibu abiria wa Msumbiji. Tumia majina yanayokaa kisiwani: Misali, Ngezi, Vumawimbi, Kidike, Chake Chake, Wete. Au tanguliza neno la kisiwa, au ongeza Zanzibar, kabla ya kuanza kujaribu herufi. Na kwenye kurasa zako usichoke kutaja kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kwa ukamilifu wake. Mgeni anayepanga safari akiwa mbali naye anachanganyikiwa vilevile, na akikosa uhakika anaifunga tovuti.

Yanayokaa chini, na yale maswali ya katikati

Ukishatafuta, mapendekezo ya aina nyingine mbili hutokea. Chini kabisa ya matokeo kuna utafutaji unaohusiana na ule wako. Katikati, mara nyingi, kuna kisanduku cha maswali ambayo watu wengine pia huuliza. Ukifungua moja, mengine yanaongezeka chini yake.

Watu huyahesabu haya yote kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo faida kubwa inapopotea. Orodha ya juu hurefusha neno ulilokwisha kulianza. Ya chini inakutoa pembeni, inaonesha mtu huyohuyo anaangalia nini kingine. Maswali yanaonesha wasiwasi wake. Kila moja ina kazi yake katika ukurasa.

Chukua gesti ya Jambiani. Unapoandika jina la kijiji, orodha ya juu itakuletea mathalani Jambiani na hoteli, Jambiani na bei, Jambiani na hali ya hewa. Hayo yanafaa vichwa vya kurasa. Chini ya matokeo utakuta majina ya jirani, Paje na Bwejuu na Makunduchi, au mlinganisho wa Jambiani na Nungwi. Hapo unajifunza kwamba mgeni bado hajaamua alale wapi, na kwamba ukurasa wa kumsaidia kuamua, ulioandikwa kwa haki, utamvuta kuliko ukurasa wa kukisifia kijiji kimoja. Kwenye maswali ndipo anapouliza kama ni salama kutembea usiku, mashine ya kutolea fedha iko wapi, na bahari hupwa saa ngapi.

Hilo swali la maji nalipenda kuliko yote. Pwani ya mashariki ya Unguja bahari hupwa ikaenda mbali. Mawimbi yanabaki kule kwenye mwamba, na mtu aliyelipia ufukwe anakuta mchanga, mashamba ya mwani na akina mama wanaochokoa pweza. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Wenye gesti wengi wa mashariki hawaligusi kabisa, wakihofia kumfukuza mgeni. Mimi naona hapa ndipo mtu wa Jambiani anapomshinda mwandishi yeyote wa Ulaya. Yeye anajua bamvua na maji mafu. Anajua kuwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na kwamba katikati yake huja maji mafu, tofauti ikapungua. Anajua kuwa saa za maji husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo asubuhi ambayo leo ni ya kuogelea, baada ya wiki inakuwa ya kutembea. Ukurasa mmoja unaoyaeleza hayo, ukiwa na ratiba ya maji ya mwezi husika na maneno ya kweli kuhusu saa za kuogelea na saa za kwenda mwambani kuangalia viumbe vya bahari, unamjibu mgeni kikamilifu. Na mgeni aliyeambiwa ukweli mapema hafiki akalalamika.

Ndiyo maana ningeambiwa nibaki na kimoja tu kati ya hivi vitatu, ningebaki na maswali. Yanakulazimisha ujibu, na kujibu ndiko kunakoipa tovuti ya hapa uzito ambao tovuti ya wakala wa mbali haina.

Hata hivyo si kila swali la kuandikiwa. Lile linalojibika kwa neno moja liache. Zanzibar hutumia fedha gani? Google hujibu papo hapo juu ya matokeo, mtu anasoma na kuondoka bila kubofya popote. Chagua yale ambayo jibu lake linamhitaji mkaazi: namna ya kufika Paje ukitua uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume usiku wa manane, daladala zimelala, na kila dereva wa teksi anataja bei yake.

Kasoro ya maswali ni lugha. Kwa Kiingereza yamejaa; kwa Kiswahili kisanduku hicho mara nyingi hakitokei, au kinatokea na maswali machache. Anayewaandikia wasomaji wa Kiswahili, mathalani wakulima wa karafuu au familia za Dar es Salaam zinazokuja kwa mapumziko mafupi, ategemee zaidi orodha ya juu, na ajaribu mchanganyiko wa lugha, kwa sababu watu wetu huandika hivyo: neno la Kiswahili, jina la mahali, kisha neno la Kiingereza walilolizoea. Ushindani huku ni mdogo mno ukilinganisha na Kiingereza. Inanisikitisha kuona mambo ya visiwa vyetu yanayohitajiwa na watu wetu hayana hata ukurasa mmoja wa Kiswahili safi unaoyajibu.

Search Console: maneno yaliyokwisha kukufikia

Mapendekezo yanakuonesha dunia inatafuta nini. Search Console inakuonesha waliokutafuta wewe, au walioiona tovuti yako katika matokeo, waliandika nini. Ni ya bure, unachotakiwa ni kuthibitisha kuwa tovuti ni yako, na inahifadhi takwimu za miezi 16. Kwa kila neno utaona mambo manne: umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi, uwiano wa hayo mawili, na wastani wa nafasi yako katika matokeo.

Kwa tovuti iliyokomaa hakuna kinachoizidi, na sababu yake ni moja: hapa hubahatishi. Panga maneno kwa idadi ya kuonekana, kisha tafuta yale ambayo umeonekana sana na kubofywa kidogo, ukiwa kwenye nafasi ya nane hadi ya ishirini hivi. Hayo Google imekwisha kukubali kuwa unahusika nayo, ila ukurasa wako haujamjibu mtu vya kutosha, au kichwa chake hakimvutii. Kuuboresha ukurasa huo ni kazi ndogo kuliko kuanza mpya, na matokeo yake huja mapema zaidi.

Mtembezaji wa viungo, kwa mfano, anaweza kugundua kwamba ukurasa wake wa Kizimbani unaonekana kwa watu wanaotafuta darasa la upishi, kwa sababu tu alitaja katika aya moja kwamba mwisho wa ziara wageni hupikiwa wali wa viungo. Mapendekezo yasingemwambia hilo kuhusu tovuti yake. Search Console inamwambia, na hapo ndipo arudi kwenye kisanduku, aandike darasa la upishi pamoja na Zanzibar, aone mapendekezo, maswali na yanayohusiana, kisha atengeneze ukurasa unaojitegemea. Vyombo viwili hivi vikifuatana kwa mpangilio huo hufanya kazi kuliko kila kimoja peke yake.

Lakini Search Console ina mapengo mawili ambayo mwenye tovuti ndogo lazima ayajue. Kwanza, maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hufichwa kulinda faragha yao, hivyo jumla ya mibofyo kwenye grafu inaweza kuwa kubwa kuliko jumla ya iliyomo kwenye jedwali. Kwa tovuti ya kijiji kimoja sehemu hiyo iliyofichwa huwa kubwa. Usidhani grafu imekosea.

La pili ni zito zaidi: inakuonesha yaliyopita tu, tena yale ambayo tayari una ukurasa unaoyagusa. Kumbuka bima ya lazima kwa wageni kutoka nje, ile ya dola 44 inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza 1 Oktoba 2024. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiulizia, na hakuna takwimu ya miezi 16 ambayo ingemtahadharisha mwenye hoteli. Maswali ya namna hii huzaliwa ghafla. Nani analipa, watoto je, bima niliyonunua kwetu inatosha? Anayeangalia Search Console peke yake hayaoni mpaka mwenzake amekwisha kuyajibu. Anayepitia mapendekezo mara kwa mara huyaona yakichipuka.

Trends, kwa ajili ya majira

Google Trends, chombo kinachoonesha neno linatafutwa zaidi lini na wapi, ipo tangu 2006, na wengi huisoma vibaya. Namba zake hazihesabu watu. Zinaanzia 0 hadi 100, na 100 ni kile kilele cha neno hilo katika kipindi na eneo ulilochagua, likilinganishwa na utafutaji wote. Neno lenye 100 linaweza kuwa limetafutwa na watu wachache tu.

Kinachonifanya niitaje ni orodha yake ya utafutaji unaohusiana, yenye pande mbili: yale yanayoongoza na yale yanayopanda. Yanayopanda zaidi ya asilimia 5,000 huwekewa alama maalumu. Ukifungua upande wa yanayopanda kwa neno Zanzibar, ukachagua nchi ya wateja wako, unapata habari mapema ambazo kisanduku hakizipangi waziwazi.

Nguvu yake nyingine ni majira. Sisi tunajua kusi na kaskazi. Trends inakuonesha mgeni anaanza lini kuyafikiria. Skuli ya kaiti Paje, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, hutegemea pepo hizo mbili, na wachezaji hupanga safari kabla pepo hazijafika. Ukiangalia mstari wa miaka mitano ukaona unaanza kupanda mwezi gani, basi ukurasa wako uwe umekwisha kuchapishwa kabla ya huo, kwa sababu Google nayo inahitaji muda kuusoma na kuupa nafasi. Vivyo hivyo kwa anayelenga Sauti za Busara mwezi Februari au Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi Julai. Kwa Ramadhani kuwa mwangalifu: inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, hivyo mstari wa mwaka jana haukai juu ya wa mwaka huu.

Udhaifu wake ni kwamba majina madogo haiyaoni. Zanzibar itatokea, Nungwi na Paje zinaweza kutokea, lakini ukiandika Kidike kutafuta wanaokuja kuwaona popo wa Pemba, usitarajie mstari wa maana. Trends ni ya kuchagua wakati. Isitumike kuchagua maneno.

Keyword Planner na zile za kulipia

Keyword Planner ni chombo cha kuchunguza maneno kilichomo ndani ya Google Ads, huduma ya matangazo ya Google, na unaweza kuifungua bila kutangaza. Inakupa makadirio ya utafutaji kwa mwezi, lakini asiyelipia matangazo hupewa masafa mapana, kama kuanzia 100 hadi 1,000, ambayo kwa gesti ya vyumba vichache hayaamui kitu. Ina faida moja ya kweli: unaweza kuiambia iangalie kutokea Ujerumani au Italia na kwa lugha ya huko, jambo ambalo kwa kisanduku linasumbua.

Ahrefs na Semrush, vyombo vya kulipia vya kuchunguza maneno, ni nzuri kwa anayesimamia tovuti kubwa au tovuti za wateja wengi. Mipango yao ya kawaida huvuka dola 100 kwa mwezi. Kwa biashara ya kijijini fedha hiyo ni afadhali imlipe mpigapicha au mfasiri wa Kiitalia.

Kuhusu zote hizi nina angalizo moja ninalolisisitiza. Zikikuonesha sifuri mbele ya neno, hasa la Kiswahili au la kijiji kidogo, sifuri hiyo haimaanishi hakuna anayetafuta. Inamaanisha chombo hakikupata data ya kutosha. Kama neno linatokea kwenye kisanduku, wapo wanaoliandika. Kati ya vyombo viwili vinavyopingana hivyo, naamini kisanduku.

Tena kwa duka la Darajani, mgahawa wa Mji Mkongwe au fundi yeyote ambaye mteja wake anafika kwa miguu, kuna chanzo cha bure ambacho husahauliwa: akaunti ya biashara kwenye Google, ile inayoonekana kwenye ramani. Humo kuna sehemu inayoonesha watu waliandika nini mwezi huo hadi biashara yako ikajitokeza. Kwa mwenye duka la kanga na udi, hiyo inatangulia Search Console.

Ukishayapata maneno

Ulinganisho wote huu hauna maana kama maneno yatatumiwa vibaya, na yanatumiwa vibaya kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kuyajaza. Mtu anakusanya mapendekezo arobaini, anayapanga yote chini ya ukurasa kwa maandishi madogo, au anayaweka kwenye ile sehemu ya siri ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kuwa haitumii sehemu hiyo kupanga matokeo, na kujaza maneno kumo ndani ya orodha ya mambo inayoyakataza.

Ya pili ni kufungua ukurasa kwa kila pendekezo. Hoteli nafuu Paje, hoteli rahisi Paje, hoteli za bei ya chini Paje: kurasa tatu, maneno yaleyale yamegeuzwa. Nazo zinahesabiwa kuwa hila, tena zinamchosha msomaji. Kipimo chake ni chepesi. Tafuta mapendekezo mawili unayoyatilia shaka, moja baada ya jingine, ulinganishe matokeo ya kwanza. Yakiwa karibu yaleyale, ukurasa mmoja unatosha, na maneno yote mawili yaingie humo kwa namna ambayo mtu angeyasema. Yakitofautiana, basi mtu anayetafuta ni tofauti na ukurasa uwe wake.

Nani achukue kipi

Gesti mpya ya pwani ya mashariki: anza na maswali ya katikati kwa lugha mbili za wageni unaowalenga, andika kurasa tano au sita zinazojibu kwa ukamilifu, ukianza na maji, usafiri na bima. Unganisha Search Console siku ileile tovuti inapofunguliwa, hata kama hutaiangalia, kwa sababu haiwezi kukurudishia vizuri siku ambazo hukuwepo. Miezi sita baadaye ndiyo ifungue.

Mtembezaji wageni wa muda mrefu, mwenye tovuti iliyojaa kurasa, aache kisanduku kwanza. Afungue Search Console, achukue maneno kumi yenye kuonekana kwingi na mibofyo michache, na kwa kila moja ndipo atafute yanayohusiana. Huyu anahitaji kutengeneza alivyonavyo zaidi ya kuongeza vipya.

Kikundi cha sabuni ya mwani kina wateja wa aina mbili, mgeni anayetaka kuona namna mwani unavyolimwa na mnunuzi aliye mbali anayetaka sabuni, na hawa wawili hawatafuti kwa neno moja. Hapa utafutaji unaohusiana, ule wa chini, ndio bora, kwani unaonesha njia zinapoachana: upande mmoja ziara na mahali, upande wa pili ngozi, viambato na usafirishaji. Kurasa mbili, na zisichanganywe.

Anayechapisha habari za karafuu kwa wakulima wa Pemba ajikite kwenye orodha ya juu, kwa Kiswahili, akiwa hapahapa kisiwani. Kwake mahali alipo ni faida, kwa kuwa yeye na wasomaji wake wako pamoja. Aiangalie tena kila msimu wa mavuno unapokaribia, maana maswali ya bei, ya vibali na ya ukaushaji hayaji kwa pamoja.

Na nahodha wa Misali, ambaye jina la kisiwa chake kikubwa limegongana na mji wa Msumbiji na jina la kisiwa chake kidogo halimo kwenye Trends, asinunue chochote. Aandike Misali kwenye kisanduku kwa Kiingereza na Kifaransa, akusanye maswali, kisha aongeze yale anayoulizwa mdomoni na wageni wanaposhuka kwenye boti: kasa wanaonekana miezi gani, ada ya kuingia hifadhini inalipwa wapi, kusi likivuma safari inaahirishwa au la. Yakikutana yaliyo kwenye orodha na yaliyo midomoni mwa wageni, hayo ndiyo ayape kurasa kwanza.